Usiongeze nadharia, wape hitilafu watatue

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa umeme wa magari wanafaulu mtihani wa kanuni ya Ohm (uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani), ila gari lisilowaka taa linawashinda, na unauliza kama uongeze vipindi vya nadharia. Nakushauri usiongeze.

Mtaalamu wa Marekani Andrew Gibbons alijenga nadharia ya ufundishaji inayosimama juu ya modeli: mwanafunzi ashughulike na kitu halisi au modeli yake, akiongozwa na matatizo yaliyochaguliwa na kupangwa. Modeli hizo ni za aina tatu: mfumo wenyewe, mazingira yake, na utendaji wa mtaalamu. Hiyo ya tatu tunaisahau sana! Wanafunzi wamsikie fundi akifikiri kwa sauti, kwa nini anaanza na fyuzi, kwa nini anapima volti hapa na si pale.

Tengeneza ubao wenye betri ya volti 12, fyuzi, swichi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na taa. Usihofu kwamba ni rahisi kuliko gari. Modeli hurahisishwa makusudi, kulingana na uwezo wa mwanafunzi. Ficha fyuzi iliyoungua, siku nyingine legeza waya wa hasi, kisha weka rilei mbovu, halafu hitilafu mbili kwa pamoja. Mchoro wa nyaya na mita ya kupimia umeme viwe karibu. Wakikwama, uliza tu, "Umepima wapi, na ulitarajia kuona nini?" Punguza msaada kadiri wanavyoimarika, na gari halisi lisichelewe kuingia karakana.