Maswali ya Wasomaji: Mwezi wa Kwanza Dar es Salaam

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaojiandaa kuhamia Dar es Salaam, au waliokwishateremka Stendi ya Magufuli pale Mbezi na mabegi yao. Tumechagua tano.

Nimepata kazi kwenye ghala Kariakoo, naanza mwezi ujao. Kaka yangu anasema vyumba vya Kigamboni na Bunju ni vya bei nafuu. Niende wapi kati ya huku? – Kijana, Kahama

Ndugu yetu, kabla ya kuchagua chumba, chagua barabara. Mji huu umetandazwa kando ya barabara kuu nne zinazotoka katikati: ya Bagamoyo inakwenda Mwenge, Tegeta na Bunju, ya Morogoro inakwenda Ubungo, Kimara na Mbezi, ya Nyerere inakwenda uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, ya Kilwa inakwenda Mbagala. Ukikaa na kufanya kazi kwenye barabara ileile, unapanda gari moja. Ukilazimika kuhama barabara, utapita Mandela au Sam Nujoma na kubadilisha gari Buguruni, Ubungo au Mwenge, na kila unapobadilisha unalipa upya na kugombania upya.

Piga hesabu. Viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, viliweka nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600. Magari mawili kwenda na mawili kurudi ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Gari moja kwenda na moja kurudi ni nusu yake. Hiyo 31,200 inayobaki iongeze kwenye kodi ya chumba cha karibu, kisha ndiyo ulinganishe bei. Mara nyingi unafuu wa chumba cha mbali unaishia hapo.

Kwa mtu wa Kariakoo, tungeanza kutafuta Buguruni, Vingunguti, Mtoni, Magomeni na Manzese. Kimara nako kunafaa kwa sababu mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake maalumu, unatoka huko hadi Gerezani, jirani kabisa na Kariakoo. Bunju ni zaidi ya kilomita 30. Kwa kazi ya Kariakoo tungekukataza. Kigamboni ina njia mbili za karibu, kivuko cha Kivukoni au Daraja la Nyerere linalotokea Kurasini. Pantoni ikiharibika, watu wote wanahamia darajani na bosi wako hatajali sababu.

Ukishapata chumba kinachokupendeza, ipime safari kabla ya kulipa. Iwe siku ya kazi, si Jumapili. Simama kituoni saa 12 asubuhi uhesabu magari yanayopita yamejaa bila kusimama. Vituo vingine watu hulazimika kugeuza na gari: wanalipanda likiwa linaelekea mwisho wa njia ili wapate kiti linaporudi, na wanalipa mara mbili. Rudi tena saa 12 jioni. Kutoka kituoni hadi chumbani tembea kwa miguu mwenyewe, maana "ni hapo tu" ya dalali inaweza kuwa bodaboda ya shilingi 1,000 kila usiku.

Na uangalie kuta. Chumba cha bei ya kutupwa karibu na bonde la Msimbazi, yaani Jangwani, Kigogo au Mchikichini, kina sababu yake. Ukiona mstari wa tope ukutani, au vitanda vya majirani vimeinuliwa kwa matofali, ujue masika ya Machi hadi Mei huingia ndani. Mvua hizohizo zikizidi, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mwendokasi husimama, kwa hiyo hata wa Kimara awe na njia ya akiba.

Dalali anataka 20,000 ya kunizungusha, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Je, ndiyo utaratibu? – Dada, Tabora

Ndiyo desturi, ila kila kitu kinajadilika. Udalali wenyewe kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na ulipwe siku unayokabidhiwa funguo, si kabla. Hela ya kuzungushwa ni jambo jingine, na hairudi hata usipopata nyumba. Kabla ya kuitoa, ulizeni mmalizane: ni ya siku moja au mpaka chumba kipatikane? Bodaboda imo au analipa nani?

Chumba cha 80,000 kwa miezi sita ni 480,000, ukiongeza udalali ni 560,000 na bado hujanunua godoro. Omba miezi mitatu. Chumba kikiwa kimekaa wazi muda mrefu, una nguvu ya kuomba. Vumbi sakafuni na utando wa buibui vitakuambia. Sisi hatupendi mgeni kulipa miezi sita, kwa sababu asiyeujua mji huchagua vibaya mara ya kwanza, na kodi iliyokwishaliwa hairudishwi.

Wizi ulioenea ni chumba kimoja kukodishwa kwa watu watatu, mpangaji wa zamani akiwa bado yumo. Usilipie chumba ambacho hujakiona kikiwa kitupu na hujafungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Muulize mwenye duka wa jirani nyumba ni ya nani. Si jirani aliyeitwa na dalali. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umuulize mwenyekiti au mtendaji. Mkataba uandikiwe hapo na ushuhudiwe. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Na ukipata ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi itume kwenye namba hii", usiujibu. Mpigie kwenye namba iliyo ndani ya mkataba.

Ukiwa hapohapo ofisini, jiandikishe. Chukua barua ya utambulisho kutoka mtaa au kijiji ulikotoka, nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha ndogo mbili. Benki, mwajiri na hata polisi kwenye dhamana watakudai barua ya mtaa, na anayejitokeza siku ya shida tu huambiwa hajulikani. Ukidaiwa mchango wowote, omba risiti.

Maji nayo yasisahaulike. Fungua bomba, usiulize tu. Ulizia siku za mgawo, ukubwa wa simtanki, na bili inagawanywaje. Kama ni kisima, onja na ujaribu sabuni: ikigoma kutoa povu, ni maji ya chumvi, na utakuwa unanunua ndoo za kunywa na kupikia kila siku.

Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja ya LUKU, na kila wiki ni ugomvi. Isitoshe, juzi nilinunua umeme wa 10,000 nikapata uniti 23 badala ya 28. Tunaibiwa? – Mama, Tabata, nimetoka Singida

Mama, hamuibiwi. Kwenye kundi la matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi zake ni kama shilingi 356, kwa hiyo 10,000 inatoa uniti 28. Ila ununuzi wa kwanza wa kila mwezi hukatwa kodi ya jengo: 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Inabaki 8,500, sawa na uniti 23 na ushee. Kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba. Tunzeni ujumbe wa manunuzi, unaonyesha makato, na mkubaliane naye kwa maandishi irudishwe au ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Nyumba ikikaa miezi minne bila kununua umeme, makato hulimbikizana, na anayehamia ndiye anayeyakuta yote kwa mkupuo. Ndiyo maana tunashauri ununue umeme kidogo kabla ya kusaini mkataba, mwenye nyumba akiwa pembeni.

Sasa ugomvi. Kugawana sawa kwa sawa ndiko kunakouleta. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazowaka kwa siku, gawa kwa 1,000. Hizo ni uniti. Feni ya wati 60 kwa saa 10 ni uniti 0.6. Televisheni ya wati 60 kwa saa 6 ni 0.36. Taa tatu za LED za wati 9 kwa saa 5 ni 0.135. Jumla ni uniti 1.1 kwa siku, na chumba cha kawaida ndicho hicho. Friji ndogo huongeza kama uniti 1. Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka saa mbili ni uniti 3, zaidi ya feni, televisheni na friji kwa pamoja. Anayechemsha maharage kwa umeme ndiye anayemaliza LUKU, hata kama mnanyoosheana vidole kwa sababu ya friji.

Kwa hiyo gaweni kwa mafungu: chumba cha kawaida fungu 1, chenye friji 2, chenye jiko la umeme 4, chenye vyote viwili 5. Mkiwa na vyumba viwili vya kawaida, kimoja cha friji na kimoja cha jiko, mafungu ni 8. Mkichanga 80,000, kila fungu ni 10,000: wawili watoe 10,000, wa friji 20,000, wa jiko 40,000. Huenda huyo wa mwisho akanunua mtungi wa gesi wa kilo 6 wiki hiyohiyo.

Sabmita, yaani mita ndogo ya kila chumba, ni nzuri zaidi, mwenye nyumba akiridhia. Ila mafundi wengine huunganisha taa za nje au pampu ya kisima kwenye sabmita ya mpangaji mmoja. Kuhakikisha, zima swichi kuu ya chumba chako. Taa ya sabmita ikiendelea kumeta, kuna mtu ananing'inia kwako.

Mtoto yuko darasa la tatu. Namhamishaje shule? – Baba, Musoma

Tafuta nafasi kwanza Dar, ndipo uombe kuruhusiwa huko Musoma. Ukianza kinyume mtoto atakaa nyumbani. Shule inayompokea ikikubali, fomu ya uhamisho hupita kwa walimu wakuu na maofisa elimu wa pande zote mbili. Hakikisha namba yake ya PREM, yaani ya usajili wa mwanafunzi, imehamishwa kwenye mfumo, si karatasi tu. Mhamishe kabla hajaingia la nne, kwa sababu wakishasajiliwa kwa upimaji wa taifa uhamisho unakuwa mgumu.

Tumetoka Makete na watoto wawili wadogo. Wanaumwa ovyo, na mwili mzima una vipele. – Mama, Mbagala

Pole, mama. Kwenu kuna baridi na malaria ni chache, hivyo watoto hawana kinga waliyo nayo wenzao wa Pwani. Homa yoyote isilale: wapimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama inaonekana ni mafua. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua pekee hakitoshi. Huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: ndoo, matairi, simtanki isiyofunikwa. Yai huwa mbu kwa kama wiki moja, basi mwaga na usugue vyombo kila wiki. Hadi daktari athibitishe kuwa si dengi, homa ya mtoto itulizwe kwa parasetamo tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu.

Vipele hivyo, kwa maelezo yako, vinafanana na harara, yaani vipele vya joto. Waogeshe maji ya kawaida mara mbili au tatu kwa siku, wavae pamba nyepesi, na acha kuwapaka yale mafuta mazito ya Makete, yanaziba jasho. Vikitoa usaha wapeleke kituo cha afya, na uchukue kadi zao za kliniki ili waendelee na chanjo na kupimwa uzito hapohapo.