Sahihi 640, kura 312

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa huko Kilifi: "Assalamu alaikum kaka. Nina miaka 27, nataka kusimama MCA 2027. Nimeweka laki mbili. Nichape mabango mapema ama ningoje? Nishauri."

Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikanyamaza. Swali la mabango ndilo nililouliza mimi mwaka 2021, na mzee niliyemwuliza akanijibu, "Chapa mapema, uso uzoeleke." Basi nikachapa. Uso ukazoeleka kweli, hasa kwa mbuzi wa mtaani. Tulibandika kwa uji wa unga wa ngano, na alfajiri ukipita unamkuta mbuzi amesimama kwa miguu miwili anakula kidevu changu ukutani.

Dada yangu, nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Najua nyote mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo, hata wale mnaojidai mnasoma tu.

Mimi nilisimama kuwania MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kama mgombea huru katika wadi moja ya Kisauni, Mombasa, uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Tiketi ya chama niliitafuta kwanza, sitaficha. Nililala kwenye veranda ya ofisi ya chama kimoja siku mbili nikingoja kuitwa kwa mahojiano ambayo, nilivyokuja kuelewa, yalikuwa yamekwisha kabla sijafika. Tiketi ilikuwa na mwenyewe. Hasira zile ndizo zilizonifanya mgombea huru. Sikuwa na mpango, na hasira haijazi tangi la tuktuk.

Katiba, kifungu cha 193, inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliojiandikisha katika wadi hiyo. Mia tano! Nikaona rahisi. Nikazunguka na daftari, mke wangu nyuma na kalamu ya akiba. Nikapata sahihi 640. Usiku ule tulichinja kuku. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, mama yangu akisikiliza: hawa 640 kila mmoja akija na mwenzake, ni 1,280, wakija na wawili...

Kwanza kabisa, sahihi zenyewe hazikuwa 640. Wanaokuunga mkono hawatakiwi kuwa wanachama wa chama chochote, na mtakumbuka mwaka 2021 Wakenya walivyoingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wameandikishwa katika vyama wasivyowahi kukanyaga. Watu wangu wengi walikuwa humo. Mzee mmoja muuza kahawa aliapa kwa Mungu hajawahi kushika kadi ya chama maishani mwake, na jina lake na nambari ya kitambulisho vimo. Nikarudi barabarani wiki mbili kujazia. Nilipita kwa taabu.

Kampeni zenyewe siwezi kukuchosha nazo. Tuliuza tuktuk, tukakodi spika, tukagawa leso, nikapoteza sauti. Pesa karibu zote ziliishia hapo.

Nataka nikupeleke usiku wa Agosti 8. Nina daftari mbele yangu na wadi yangu ina vyumba vya kupigia kura 36. Kila chumba kinataka ajenti, mtu wa kunilindia kura. Ajenti anataka barua, kiapo, nauli, chai ya asubuhi, chakula cha mchana na kitu cha kumfariji akikesha. Nimehesabu Sh 1,000 kwa kila mmoja, jumla Sh 36,000. Mfukoni nina Sh 11,400. Mabango yaliyoliwa na mbuzi yalinigharimu Sh 60,000.

Siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba uchaguzi wa gavana wa Mombasa umeahirishwa, karatasi za kura zina kasoro. Ulifanyika hatimaye Agosti 29. Pale maskani nikawasikia vijana wangu mwenyewe, wenye fulana zangu vifuani: "Basi tutakwenda siku ya gavana, tusipange foleni mara mbili." Nikawaeleza ya MCA iko palepale kesho. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, mheshimiwa. Mwaka ule hata nusu ya waliojiandikisha Mombasa hawakufika vituoni, na baadhi ya hao niliwavisha mimi.

Niliweka maajenti kwenye vyumba 11. Saa tisa mchana watatu walikuwa wameondoka. Mmoja alinipigia: "Bro, tangu asubuhi ni maji tu." Mwingine sikumwona tena mpaka Idi, na alikuwa na simu mpya. Sina ushahidi wa chochote, nasema tu simu ilikuwa mpya.

Usiku wakabandika fomu za matokeo mlangoni. Kwa MCA ni fomu 36A, dada, ishike hiyo. Mimi nilipiga kura chumba cha pili cha shule ya msingi ya hapa kwetu. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikashuka na kidole mpaka jina langu: kura 4. Nikazihesabu pale pale. Mimi. Mke wangu. Mama. Jirani yetu wa ukutani, ambaye siku zote namwamini. Na ndugu yangu wa tumbo moja, aliyepanga foleni nyuma yangu na tukatoka pamoja tukanywa maji ya madafu? Picha ya fomu ile bado iko kwenye simu. Ndugu yangu sijamwuliza hadi leo. Tunakula sahani moja kila Ijumaa na sijamwuliza.

Jumla ya wadi nzima: 312. Maskani wakanibatiza Mheshimiwa Mia Tatu na Kumi na Mbili. Mpaka watoto wa madrasa.

Sahihi ni adabu tu. Mswahili haambii mgeni aliyekuja mlangoni na kalamu "sitaki". Atakutilia sahihi, atakuombea dua, na atakupa maji. Kura anampa aliyekuja siku maiti ilipokuwa ndani. Mimi nilikwenda kwa watu nikiwa na daftari, sikuwahi kwenda bila daftari. Hilo nimelifahamu nikiwa sina tuktuk.

Sasa sikiliza nilichofanya baadaye, maana sikukaa nikilia tu.

Mwaka 2023 nilikwenda kwenye kikao cha umma cha kaunti kuhusu bajeti. Nilikwenda kwa uchungu, nikamwangalie aliyenishinda. Nikakuta ukumbi wa watu kama 60, soda moja moja, karatasi ya mahudhurio inazunguka, na afisa anasoma Kiingereza cha bajeti kwa kasi ya mnadani. Akiuliza "Kuna swali?" watu wanauliza nauli. Saa sita unusu kimekwisha, na waraka unasema umma umeshirikishwa. Sahihi zetu zimo, na yangu imo, lakini mtaro wetu wa maji ya mvua haukutajwa hata mara moja.

Nikarudi nyumbani nikaziandika tarehe ukutani jikoni. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Tarehe hizi zimo kwenye sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, wala si siri, ila hakuna anayeziimba kwenye jukwaa. Ukienda Mei kulilia mtaro, umekwenda matanga watu wameshaondoa majamvi.

Halafu nikaenda kwa kina mama. Si kwa hotuba. Kwetu kuna vyama vitatu vya akina mama wa kuweka na kukopa, na kila Jumamosi wana orodha, wana mweka hazina, na wanajuana mpaka deni la mtungi wa maji. Nikaomba dakika kumi. Wakanipa tano. Nikasema Agosti kutakuwa na kikao, tukienda 40 na karatasi moja yenye jambo moja, watatusikia. Bi mmoja akaniuliza, "Na wewe unataka nini?" Nikasema nataka mtaro. Akacheka: "Na kura 2027." Nikanyamaza. Akasema, "Haya, angalau hujadanganya."

Mwaka wa kwanza walikuja saba. Wa pili 19. Agosti iliyofuata walikuja 43, wamevaa leso za sare walizonunua kwa pesa zao wenyewe, na karatasi ikasomwa, kwa Kiswahili, na mama mmoja asiyejua kuogopa kipaza sauti. Mtaro umeingia kwenye bajeti. Nimeuona kwa macho yangu, mstari na kiasi. Mwanakandarasi bado hajaleta hata koleo, na mvua ya juzi maji yaliingia madrasa kama kawaida. Lakini mstari upo, na kila Jumatatu mama mmoja kwa zamu anakwenda kuulizia ofisi ya wadi. Mheshimiwa aliyenishinda sasa ananipigia mimi simu. Yeye. Mimi. Nilitaka mlijue hilo.

Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 15, 2025, maskani zetu hazina habari nyingine: chama chake cha ODM kitashikwa na nani, nani ataungana na nani, nani atapewa tiketi. Pwani tumezoea kuamuliwa hayo, nasi tukapiga ngoma. Vijana nao, walioijaza barabara Juni 2024 mpaka mswada wa fedha ukarudishwa bila kutiwa sahihi, wengine hadi leo hawajajiandikisha. Uandikishaji umefunguliwa tangu Septemba 29, 2025. Kijana anakueleza kifungu cha mswada kwa namba, halafu kadi ya kura hana. Huyo ananiuma kuliko ndugu yangu.

Na mkiniambia kura moja si kitu, tazameni majirani zetu wa Magarini, huko huko Kilifi. 2022 kiti cha ubunge kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 21. Kesi ikaenda, matokeo yakafutwa, na tume ya uchaguzi yenyewe haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025, kwa hiyo uchaguzi mdogo ukaja kufanyika Novemba 27, 2025. Harrison Kombe akarudi kwenye kiti kile kile. Kura 21, dada. Foleni ya boda inazidi hiyo.

Kwa hiyo laki mbili yako usiiguse. Weka ya maajenti kwanza kabisa, kabla ya spika, kabla ya fulana. Kajue kina mama wanakutana siku gani. Nenda mazishini, ubebe maji, usishike kipaza sauti. Kajue kina mama wanakutana lini, narudia, kwa sababu najua utaliruka hilo ukimbilie mchapishaji. Mabango chapa wiki ya mwisho, na gundi ya dukani, si unga.

Na kesho asubuhi kabla ya lolote, ingia eCitizen uangalie umeandikishwa chama gani. Ukitaka kuwa huru, katiba inataka uwe nje ya chama miezi mitatu kamili kabla ya Agosti 10, 2027. Ukijikuta kwenye chama usichokijua, jiondoe, uhifadhi uthibitisho, kisha mwangalie na mama yako. Wangu nilimkuta kwenye chama cha aliyenishinda. Aliniambia hajui aliingiaje, na mimi nimeamua kumwamini.