Nimeapa utii kwa Mfalme wa Uingereza: je, naweza kutaka ufalme uondolewe?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa Kimombasa, naishi Leicester, Uingereza. Mwaka 2024 nilipata uraia. Nilisimama ukumbini mbele ya picha ya Mfalme Charles nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa mtiifu kwake na kwa warithi wake. Sasa binti yangu, aliyezaliwa huku na anasoma chuo kikuu, yumo na vijana wanaotaka ufalme uondolewe nchi iwe jamhuri. Anataka nitie sahihi ombi lao na niandamane nao, na moyoni nakubaliana naye. Ndugu mmoja msikitini kaniambia nitakuwa nimevunja yamini. Mwingine kasema kiapo chenyewe hakihesabiki, kwa kuwa mfalme huyo ni mkuu wa kanisa na Uislamu umeharamisha wafalme. Nimechanganyikiwa. Je, nina kafara, yaani fidia ya kuvunja kiapo?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh.

Mama yangu, nimefurahi kuona kiapo kinakukosesha raha. Wengi siku hizi huapa kama mtu ajazaye fomu ya benki, wakitoka mlangoni wamekwisha sahau. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nahl, aya ya 91, tusivunje viapo baada ya kuvithibitisha, hali tumekwisha mfanya Yeye kuwa mdhamini wetu. Basi huyo aliyekuambia hakihesabiki amekosea. Umeapa kwa jina la Allah kwa hiari yako, tena sheria ya huko ilikupa njia ya kuahidi bila kulitaja jina Lake. Kiapo kimekushika.

Wala usitafute mlango wa kusema, "mimi moyoni nilinuia vingine." Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kiapo huwa kwa nia ya mwenye kuapisha. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako: waliokuapisha walikusudia nini?

Rejea maneno uliyoyatamka. Uliapa kuwa mwaminifu na mtiifu wa kweli kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake, "kwa mujibu wa sheria." Hayo ya mwisho ndugu zako wa msikitini wameyaruka, na ndiyo yanayobeba kiapo kizima. Sheria ya huko hutungwa na Bunge, na kiti cha ufalme chenyewe kimekaa juu ya sheria hiyo. Sheria ya mwaka 1701 ndiyo iliyoamua ukoo gani urithi na kuwazuia Wakatoliki. Sheria ya mwaka 2013 ikaondoa desturi ya mtoto wa kiume kumtangulia dada yake mkubwa. Bunge linaloweza kusema nani arithi laweza pia kusema asirithi yeyote. Wabunge wenyewe huapa kiapo cha utii kwa mfalme kabla ya kukaa vitini. Mbunge Tony Benn aliapa, na mwaka 1991 akapeleka bungeni muswada wa kuuondoa ufalme. Muswada haukupita, naye akaendelea kuwa mbunge kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kutia sahihi, kuandamana kwa amani, kumwandikia mbunge wako, kupiga kura ikiitishwa, yote yamo ndani ya sheria uliyoiapia. Aliyekuapisha anayajua hayo na hakuyakataza. Kinachokivunja ni kula njama, kushika silaha, au kuisaliti nchi iliyokupa amani. Hapo hata kafara ya kulisha masikini kumi haitoshi bila toba.

La kanisa lisikutie wasiwasi. Hukuapa kuifuata dini yake. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliitunza hazina ya mfalme wa Misri ambaye hakuwa wa dini yake. Na Najashi wa Uhabeshi alikuwa mfalme Mkristo pale masahaba walipokimbilia kwake, wakakaa chini ya hifadhi yake.

Ama kwamba Uislamu umeharamisha wafalme, hilo si kweli. Daud na Suleiman walikuwa manabii na wafalme, na Talut alitawazwa juu ya Wana wa Israili kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Lakini isomeni vizuri aya ya 247 ya Suratul Baqara. Watu walimpinga Talut wakidai wao wana haki zaidi ya ufalme na kwamba yeye hana mali. Jibu likawa amechaguliwa na kuzidishiwa elimu na nguvu za mwili. Ukoo haukutajwa. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa anakufa aliwaachia watu sita washauriane, na mwanawe Abdullah akaruhusiwa kuhudhuria tu, bila fungu katika uongozi. Khalifa Muawiya alipotaka watu wampe mwanawe Yazid ahadi ya utii ili amrithi, Husein, mjukuu wa Mtume, na Abdullah bin Zubeir walikataa. Wanazuoni waliokuja baadaye waliuvumilia utawala wa kurithishana kwa kuchelea fitina, na kuvumilia si kupenda. Mimi naona uongozi wa mashauriano uko karibu zaidi na mwenendo wa Mtume na makhalifa wake. Hiyo ni rai yangu, msiibebe kwenye maandamano mkaiita hukumu ya Allah.

Pia mfalme wa huko hatawali. Kodi, vita na magereza viko mikononi mwa Bunge na waziri mkuu, kwa hiyo hadithi zinazomwonya mtawala dhalimu zinawahusu wao kwanza. Mzozo wa ufalme ni wa fahari, gharama na heshima ya kuzaliwa nayo. Una uzito wake, lakini haufikii uzito wa dhuluma.

Ninaloliogopa ni njia. Nyumbani kwetu Unguja Sultan Jamshid alipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu na siku mbili baada ya uhuru, akaishia kuishi huko huko kwenu, Portsmouth, zaidi ya nusu karne. Yeye alisalimika. Familia ngapi hazikusalimika, na mpaka leo ziko nyumba zetu ambazo jambo hilo halizungumzwi mezani. Australia waliulizana hilo hilo kwa kura ya maoni mwaka 1999, walio wengi wakasema mfumo ubaki, na hakuna aliyezika mtu. Barbados iligeuka jamhuri mwaka 2021 kwa kura ya bunge lake. Ikiwa vijana wa binti yako wanataka njia hiyo, sioni la kukuzuia. Wakianza kuchoma na kupiga, rudi nyumbani.

Kafara huna. Naye binti yako, kwa kuwa amezaliwa na uraia wake, hakuapishwa. Yeye hana kiapo cha kukichunga kama chako, basi mkiwa barabarani asikuhimize upite pale kiapo chako kinapokwambia simama.

Wallahu a'lam.