Kumpeleka mtoto wa miaka minne Kunduchi kwa mara ya kwanza

Dada, umeuliza kama mtoto wa miaka minne ataifaidi safari ya kutoka hapa Bagamoyo hadi bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam. Ataifaidi sana, ila usipange kumaliza kila mchezo. Kunduchi iko upande wetu huu, baada ya Bunju na Tegeta, kwa hiyo foleni ya mjini haikuhusu. Ondokeni alfajiri, mwingie geti likifunguliwa, saa sita mkae kivulini mpate chakula.

Kabla ya kulipa chochote, piga simu uulize kimo kinachoruhusiwa kwenye slaidi. Mpime mwanao nyumbani na umweleze mapema ipi ni yake na ipi ni ya wakubwa. Mtoto akikataliwa baada ya kupanga foleni, kilio chake hakinyamazishiki. Uliza pia kuhusu mavazi, maana pamba huwa nzito ikilowa na sehemu nyingi hawaikubali.

Hapa naomba unisikilize vizuri: mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo uko usawa wa maji, kimya. Hata kwenye kina cha magotini, kaa umbali wa kumfikia kwa mkono, simu iwe mkobani. Maboya ya mkononi yasikupe imani, huchomoka. Kama mmekwenda wawili, semeni wazi nani anamwangalia sasa hivi.

Namba yako iandike kwa kalamu isiyofutika mkononi mwake. Akianza kutetemeka, mtoe, mfute, mpe uji wa chupa.