Radi za Mwanzo wa Msimu Mkoani Tabora

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na karanga wilayani Uyui. Kwa nini mvua za kwanza huja na radi nyingi, na kwa nini shamba langu hukauka hata pale utabiri unaposema mvua zitakuwa za wastani?

JIBU: Ndugu msomaji, kufikia Oktoba ardhi ya Tabora huwa imepata joto kali, hivyo hewa yenye unyevunyevu, ambayo sehemu yake hutoka Bonde la Kongo, inapowasili hupanda kwa kasi na kujenga mawingu marefu ambamo chembe za barafu hugongana na kuzalisha umeme. Wingu la namna hiyo huweza kunyeshea kijiji kimoja na kuruka cha pili.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, unaohusu Novemba hadi Aprili, hueleza jumla ya mvua inayotarajiwa katika eneo pana; haupangi mgawanyo wake shamba kwa shamba, wala wastani mzuri hauzuii ukame wa wiki kadhaa katikati ya msimu, ambao ndio ninaouhofia zaidi kwa mahindi yanayochanua. Kwa hiyo usipande kwa mvua ya siku moja. Chimba kwanza uone unyevu umefika wapi, kisha fuatilia utabiri wa siku kumi. Nakusihi pia, ukisikia ngurumo uwapo shambani, ingia ndani ya nyumba mara moja, usijikinge chini ya mwembe.