Kijana wa Miaka 17 Katika Kiti cha Mhariri

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza iwapo msomaji wa kawaida anaweza kuhariri jarida vizuri kuliko aliyesomea kazi hiyo. Jibu langu ni ndiyo, mradi asibebeshwe madeni ya mwenye jarida, na shahidi wangu ni Charles Hornig wa New Jersey, Marekani. Mnamo Septemba 1933 alianzisha The Fantasy Fan, kijarida cha wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi na za kutisha. Nakala yake ilimfikia Hugo Gernsback, mchapishaji wa Wonder Stories, aliyekuwa amemwachisha kazi mhariri wake, David Lasser. Nafasi hiyo akapewa Hornig, akiwa na miaka 17.

Wengi humkumbuka kwa ajira hiyo. Mimi humkumbuka zaidi kwa safu ya mabishano ya kijarida chake, ambayo aliipa jina la kiwango cha kuchemka. Katika toleo la kwanza kabisa alimruhusu Forrest Ackerman, kijana wa rika lake, kulalamika kwamba hadithi ya mwandishi Clark Ashton Smith kuhusu kiumbe wa kutisha katika mapango ya sayari ya Mirihi haikustahili kuwekwa katika jarida la hadithi za kisayansi. Smith akajibu, mwandishi wa hadithi za kutisha H. P. Lovecraft akamtetea Smith, rafiki yake wa barua, wasomaji wakagawanyika, na chungu kikaachwa jikoni hadi Februari 1934. Mhariri mzoefu huenda angeitupa barua ile kapuni, maana nani hupenda mwandishi wake ashambuliwe? Hornig, ambaye juzi tu alikuwa msomaji, alijua jinsi ubishi unavyomfanya mtu asubiri toleo lijalo.

Huko Wonder Stories, Julai 1934, ilitoka hadithi ya Stanley Weinbaum, jina geni kwa wasomaji, yenye kiumbe wa Mirihi mfano wa ndege ambaye ana akili lakini hafikiri kama binadamu. Mwaka huohuo Gernsback na Hornig waliunda chama cha wasomaji, Science Fiction League, chenye matawi mijini.

Fedha ndizo zilizoharibu mambo. Waandishi walicheleweshewa malipo, na mmoja wao, Donald Wollheim, aliyedai haki yake, alifukuzwa chamani mwaka 1935. Mashabiki waliokasirika walilaumu jarida ambalo Hornig ndiye aliyekuwa mhariri wake, ingawa mfuko ulikuwa wa Gernsback, ambaye mwaka 1936 aliliuza.