Presha ya Mshipa wa Ini Hupimwaje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu, mvuvi wa zamani hapa Ujiji, anaugua homa ya ini B kwa miaka mingi, na sasa ini limesinyaa na tumbo limeanza kujaa maji. Hospitalini tuliambiwa kuwa presha ya mshipa wa ini iko juu, akaandikiwa propranololi, dawa ya presha, ilhali presha yake ya mkononi ilikuwa 105 kwa 65. Hiyo ya ini hakuna aliyeipima. Ilijulikanaje, na je, tumpeleke Dar es Salaam akapimwe?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Presha hizi mbili hazina uhusiano wa moja kwa moja. Ile ya mkononi ni ya damu inayosukumwa na moyo, na hii nyingine ni ya mshipa wa porta, unaokusanya damu kutoka kwenye utumbo na wengu na kuipeleka kwenye ini. Ini likijaa makovu, damu hiyo hukosa njia, nayo presha hupanda nyuma ya kizuizi hata kama ya mkononi iko chini.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi: mgonjwa hutiwa ganzi shingoni, daktari akapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo, ukashuka kupitia chumba cha juu cha kulia cha moyo hadi kwenye mshipa unaotoa damu katika ini. Hapo husoma presha mara mbili, kwanza mshipa ukiwa wazi, kisha ukiwa umezibwa kwa puto dogo lililo kwenye ncha ya mrija, na tofauti ya namba hizo ndiyo jibu. Kwa mtu mzima wa afya ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ikifika 10, mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) huweza kuvimba na maji kujaa tumboni. Ikifika 12, mishipa hiyo huweza kupasuka na kuvuja damu. Kazi hiyo hudai mashine ya eksirei na mikono iliyozoea, na hata katika nchi tajiri hufanyika katika vituo vikubwa tu.

Kwa hiyo daktari wenu hakubahatisha. Ini lililosinyaa pamoja na maji tumboni ni ushahidi mzito, nao unaweza kuthibitishwa kwa kipimo rahisi ambacho, kwa maoni yangu, huombwa mara chache kuliko inavyostahili: siku moja huchukuliwa damu na maji ya tumboni, albumini, aina ya protini, ikapimwa katika vyote viwili, kisha ile ya maji ikatolewa katika ile ya damu. Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, maji hayo karibu kila mara yametokana na presha ya porta. Wengu uliovimba kwenye utrasaundi na chembe sahani (chembe zinazogandisha damu) chini ya 150,000 huongeza uzito wa ushahidi huo.

Kuna jambo linalowahusu hasa ninyi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mvuvi aliyeishi majini miaka mingi huenda pia alipata kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake huziba vijitawi vya porta ndani ya ini, kabla damu haijafika kwenye chembe za ini. Mrija niliousimulia huja kutoka upande ambako damu huliacha ini, kwa hiyo huweza kusoma namba ya kawaida au iliyopanda kidogo tu, huku mishipa ya umio imevimba. Mngelipa nauli na gharama, mkarudi na faraja ya uongo.

Kama mna fedha ya safari, kinachofaa zaidi ni kamera ya kuangalia umio, ambayo huonyesha mishipa yenyewe, na ikibidi hufungwa kwa mipira papo hapo. Hospitali ya kanda ya Bugando, Mwanza, ni mojawapo ya mahali pa kuulizia. Propranololi hupunguza damu inayomiminika kwenye mshipa wa porta, ndiyo maana alipewa ingawa presha yake ya mkononi haiko juu. Hata hivyo, namba ya juu ya presha ya mkononi ikishuka chini ya 90, mapigo yakienda chini ya 50 kwa dakika, au ikiwa ana pumu, mwambieni daktari mara moja ili aamue kuhusu dozi. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.